Radi Haikuwamo Kwenye Karatasi

Siku hizi mtu akitaka kujua kama simu ya chumba nambari kumi na nne inafanya kazi hutazama kioo cha kompyuta kilichoko Nairobi, lakini zamani aliinuka kitini, akatembea kwa miguu yake mpaka mlangoni, akabisha hodi na kuuliza.

Aliyekuwa akiinuka, katika hoteli ya Mwamba Mweupe pale Diani, ni Musyoki Nzau. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa simu wa hoteli hiyo, na cheti hakuwa nacho. Aliishia darasa la saba huko Kikoneni, ambako baba yake alipata shamba la makazi na kupanda michungwa. Ufundi aliupata kwa kumbebea ngazi fundi mmoja wa Posta, na yale ambayo fundi hakumwambia aliyasoma mwenyewe katika vitabu vya mitambo, kamusi ikiwa gotini. Watu wa aina hiyo walikuwapo. Hawakuulizwa karatasi, waliulizwa kama simu imelia.

Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya mapokezi. Mlikuwa na swichibodi, viti viwili vya maopereta, na ukuta mzima wa nyaya. Maopereta walikuwa Jumwa na Kahaso, wanawake wa makamo, mmoja mcheshi na mmoja mpole. Nyaya hazikuwa na nambari. Kila waya ulifungwa kipande cha leso kuukuu, na leso zilikuwa za hao wanawake wawili. Waya wa jikoni ulikuwa na kipande chekundu chenye mchoro wa korosho. Wa dobi ulikuwa wa buluu wenye nukta. Wa ofisi ya meneja ulifungwa kipande cheusi cha kaniki.

"Kwa sababu kila habari itokayo huko ni ya matanga," alisema Jumwa.

Musyoki aliweza kuupata waya wowote akiwa amefumba macho nusu, na kompyuta zilipoanza kuletwa, moja mapokezi, moja stoo, mpaka zikafika arobaini, nyaya zake alizipitisha yeye na kuzifunga leso zake vivyo hivyo.

Palikuwa na desturi moja mle ndani, na ndiyo iliyoleta yote haya. Mwaka wa themanini na sita radi ilipiga nguzo ya simu upande wa Ukunda, ikaja na waya mpaka kwenye swichibodi, ikamrusha Kahaso kutoka kitini na vipokea sauti vikiwa kichwani. Aliinuka, alhamdulillahi, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Tangu siku hiyo, mngurumo wa kwanza ukisikika, Jumwa aliwaomba radhi wageni waliokuwa kwenye simu, Kahaso alivua vipokea sauti, naye Musyoki akauendea ukuta na kuzichomoa nyaya zote, mmoja mmoja, toka jikoni mpaka kwa meneja. Wakakaa kimya, nyaya zikining'inia na leso zake kama nguo zilizoanikwa. Mbingu ikitulia, anazirudisha. Miaka kumi na miwili haikuungua hata balbu.

Na jina la radi halikutajwa mle ndani. Kahaso alikuwa hawezi kulisikia. "Kwetu, aitwaye huitika," aliwaambia mara moja tu, na ikatosha. Musyoki hakuona ajabu, maana mama yake huko Kikoneni alikuwa hivyo hivyo msimu wa mvua. Wakitaka kulizungumzia jambo hilo, waliinua kidevu juu, basi.

Mwaka wa tisini na saba zikatokea zile vurugu za Likoni, na wageni wakakimbia pwani yote. Vitanda vikabaki vimetandikwa mwezi kwa mwezi. Wenye hoteli, waliokuwa na nyingine Msambweni na ya tatu Galu, wakakaa Nairobi wakatafuta mahali pa kupunguza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, kabla mvua kubwa hazijakolea, gari likashusha masanduku matatu na kijana wa makamo ya thelathini, amevaa tai.

"Sasa, mzee!" akamwambia Musyoki.

Jumwa akageuka kitini. "Hee! Hapa hatuna 'sasa'. Huyu makamo ya baba yako. Hapa twasema shikamoo, mwanangu, na mate hayakauki."

Kijana akacheka, akasema shikamoo kwa wote watatu. Jina lake Wambua, kwao Machakos. Aliposikia jina la Musyoki akamwamkia upya kwa Kikamba, na Musyoki akampenda papo hapo. Hilo nalo lilimuuma baadaye.

Meneja, Bwana Thoya, aliwaita wote ofisini akawaeleza bila kuzunguka. Masanduku yale yalikuwa na seva. Ndani yake itawekwa programu ya kusimamia mtandao wote: kompyuta, simu, printa, za hoteli zote tatu. Ya Diani ndiyo itakuwa seva kuu. Msambweni na Galu zitakuwa na ndogo zake, zikikusanya habari na kuiletea hii, nayo itapeleka taarifa Nairobi.

"Wamenipa siku thelathini," alisema Thoya. "Siku ya thelathini itatoka karatasi. Ikiwa safi, chumba cha simu kinabaki, na wewe Musyoki ndiwe mtunzaji wa seva. Ikiwa chafu, kazi yote inahamia Nairobi, na simu zitapokewa na mashine."

"Na sisi?" akauliza Jumwa.

Thoya alizitazama kucha zake. "Ndiyo maana nimewaita."

Seva iliwekwa mle mle chumba cha simu, kwa sababu ndimo mlimokuwa na kiyoyozi kizima. Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza Wambua alipima nafasi kwenye diski, akaongeza kumbukumbu, kisha akakaa muda mrefu na jambo lililomshangaza Musyoki: jina.

"Kabla ya kuweka programu, seva lazima iwe na jina na anwani visivyobadilika," alisema Wambua. "Ukija kubadilisha jina baadaye, mzee, unabomoa kila kitu unaanza upya. Programu inalishika jina hilo, leseni inalishika, zile seva ndogo zinaijua kwa hilo."

"Kama mtoto," akasema Musyoki.

"Zaidi ya mtoto. Mtoto atabatizwa."

Akapiga herufi na nambari, MMDIA01. Jumwa akasogea akasoma. "Jina gani hilo? Mtoto wa nani huyo, hana ukoo?"

Siku ya pili ndiyo iliyomtoa Musyoki jasho. Sidii ziliingia na kutoka, hifadhidata ikawekwa, kisha Wambua akasema, "Sasa tunaiachia ijitafutie," akabonyeza kitufe. Skrini ilikuwa tupu. Ikatokea nukta moja ya kijani. Ikatokea ya pili, na mstari katikati. Halafu zikamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua: mapokezi, stoo, jikoni, baa ya bwawani, na kila mstari ulipita pale pale alipoupitisha yeye, chini ya vigae, juu ya dari, nyuma ya tangi. Waya wa baa ya bwawani aliulaza kwa siku nne akitambaa kwa tumbo. Seva iliuona kwa muda wa kupiga chafya.

Alisimama mdomo wazi. Hakuna mtu aliyejua njia zile isipokuwa yeye. Hakuwa amezichora popote.

"Nani ameiambia?" akauliza.

"Hakuna mtu ameiambia, mzee. Imeuliza. Kila mashine inajibu, inasema jirani yake ni nani."

Musyoki akahesabu kwa kidole. Arobaini na moja. Akahesabu tena. "Hapana, ni arobaini. Nimezifunga kwa mikono yangu."

Wambua akainama akatazama, akacheka. "Ya arobaini na moja ni kompyuta yangu hii ya mkononi."

"Imekuona hata wewe?"

"Hata mimi. Hii haina mwenyewe."

Jioni ile Wambua alizipa nyaya nambari. Alibandika karatasi ndogo nyeupe juu ya kila leso, kwa adabu, bila kuvikata vitambaa. Jumwa alitazama mpaka akamaliza. "Wa kaniki umeuitaje?"

"Sifuri moja."

"Basi umepata cheo."

Siku ya tatu ilikuwa ya masharti. Seva iulize kila mashine mara ngapi? Kila dakika tano. Isipojibiwa? Iulize tena mara tatu. Ikikosa jibu mara zote tatu, nukta inageuka nyekundu, na habari inaandikwa pamoja na saa na dakika, inapelekwa Nairobi kwa waya wa simu.

"Haimwendei kwanza kumwona?" akauliza Musyoki.

"Itaendaje, mzee? Haina miguu."

"Mtu asipoitika hodi, huenda yuko msalani. Huenda anaswali."

"Hiyo ndiyo inafuata," akasema Wambua, akatoa fomu. "Hapa kuna mahali pa kuandika saa za kuzima kwa makusudi. Mkiniambia, naiambia seva isihesabu kosa. Kwa mfano wengine huzima Jumapili kufanya usafi. Nyinyi kuna wakati wowote mnazima mashine kwa kupenda?"

Musyoki alifungua mdomo. Mbele yake, nyuma ya Wambua, Kahaso alikuwa ameshageuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda kulifunika lile sikio, na macho yake yalikuwa yamemwangukia Musyoki, hayapepesi. Ulikuwa mwezi wa nne. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya bahari tangu asubuhi. Lilikuwa neno moja tu, na miaka kumi na miwili hakuna aliyelitamka mle ndani.

"Hakuna," akasema Musyoki.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Wambua akaandika HAKUNA, Musyoki akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa kujifunza peke yake, na Kahaso akauteremsha mkono.

Siku kumi na nane zikapita nukta zote zikiwa kijani. Musyoki alianza kuizoea. Asubuhi aliifuta vumbi kabla ya kunywa chai. Alinunua daftari akawa anaandika mambo ya seva kwa Kiswahili, kila amri na maana yake, na alipokwenda Kikoneni siku yake ya mapumziko alimwambia mkewe, Kavata, kwamba huenda akafa akiwa mtunzaji wa seva. Kavata akamwambia kufa mtu hufa tu, ale kwanza.

Siku ya kumi na tisa, saa nane na dakika arobaini mchana, mbingu ilinguruma upande wa Chale.

Hakuna aliyefikiri. Jumwa aliomba radhi kwenye laini, Kahaso alivua vipokea sauti, na Musyoki alikuwa tayari yuko ukutani. Jikoni, dobi, stoo, baa ya bwawani. Mikono ilikwenda yenyewe. Alichomoa nyaya zote arobaini, akachomoa na ule wa Nairobi, akachomoa na umeme wa ukutani, kisha akakaa juu ya kisanduku cha vifaa. Radi ilipiga mara moja karibu sana hivi kwamba vikombe vililia juu ya sahani zake. Kahaso alikuwa amekumbatia magoti. Baadaye kidogo ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, imebebwa na upepo kutoka hoteli ya jirani.

"Wenzetu wamekwisha," akasema Jumwa polepole.

Hapo ndipo Musyoki alipogeuza macho. Seva haikuwa imezima. Wambua alikuwa ameiwekea betri ya akiba chini ya meza, na skrini ilikuwa inawaka katika giza la chumba. Hakukuwa na kijani hata moja. Ramani yote ilikuwa nyekundu, na kila dakika tano ilitetemeka kidogo, ikiuliza tena.

Aliitazama kama mtu aliyeona macho gizani. Akakumbuka fomu. Akaushika waya wa jikoni.

"Nazirudisha," akasema.

"Hurudishi!" Jumwa akainuka akamshika shati. "Bado yazunguka juu. Wataka kumuua huyu?"

Akangoja. Zilipita dakika arobaini na saba tangu waya wa kwanza. Alipozirudisha zote, akabakia na wa Nairobi mkononi. Alidhani, maskini, kwamba yaliyopita yamepita, kwamba habari isiyopelekwa kwa wakati wake hufa. Akauchomeka. Taa ndogo ya modemu ikaanza kupepesa, ikapepesa, haikukoma. Seva ilikuwa imeweka kila kitu, na sasa ilikuwa inasema yote.

Kesho yake Bwana Thoya alimwita. Mezani palikuwa na karatasi iliyotoka kwa faksi, ndefu mpaka imejikunja sakafuni. Mistari mia na kadhaa. Saa 8:45, stoo, haijibu. Saa 8:45, jikoni, haijibu. Na chini, kwa herufi nzito: mtandao wote umezimwa na mtu kutoka chumba cha simu. Muda uliopangwa wa kuzima: hakuna. Imethibitishwa na: M. Nzau.

Sahihi yake ilikuwa imenakiliwa pale chini. Aliitazama sahihi ile akashindwa kuitambua.

"Bwana Thoya, wewe ulikuwapo jana. Ulisikia."

"Nilisikia. Niliingia chini ya meza hii."

"Hoteli ya jirani simu zao zimeungua zote. Harufu ingalipo mpaka sasa."

"Naijua. Meneja wao amekuja hapa kuazima simu." Thoya aliinua karatasi kwa ncha za vidole. "Nimewaambia Nairobi. Wameniuliza nimeipata wapi hiyo radi. Hapa haimo. Soma mwenyewe, juu mpaka chini. Radi haimo."

Musyoki akasoma juu mpaka chini. Kweli haikuwamo. Dakika arobaini na saba zilikuwamo, na mkono wake ulikuwamo, na mashine aliyoiokoa isiwe mkaa ndiyo iliyoandika.

Wambua alirudi kutoka Nairobi kwa basi la usiku, na asubuhi alikuwa chumba cha simu, tai imelegea. Hakusema sasa wala shikamoo.

"Mzee, nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili! Kuna mahali pake kabisa. Unaiambia seva kukiwa na mvua ya radi mtu abonyeze kitufe, nukta zote zinakuwa kijivu, Nairobi hawapati kitu. Dakika mbili, mzee. Ningeiweka kwa dakika mbili. Si ungeniambia tu?"

Jumwa alikuwa anatazama chini. Kahaso alikuwa kitini pake na vipokea sauti kichwani, sikio zima likiwa upande wa simu. Hakusikia, au alisikia nusu.

Dakika mbili. Musyoki alikuwa amejiandaa kwa matusi, na hata kwa polisi. Kwa jambo dogo kama hilo hakujiandaa. Lilimpiga kuliko karatasi. Neno moja lingeingia pale kwenye fomu, na wote watatu wangekuwa wanakunywa chai. Na alijua kwamba akilitoa sasa, akisema kwa nini alinyamaza, macho yote yatamgeukia mwanamke yule mwenye sikio moja, na yeye ndiye atakayebeba lawama ya kazi za watu watatu mpaka kaburini.

"Nilisahau," akasema.

"Ulisahau radi? Pwani hii? Mwezi wa nne?"

"Uzee, mwanangu."

Wambua alimtazama sana, kama mtu anayejua anadanganywa asijue ni kwa nini, kisha akainama chini ya meza akaanza kuzikunja nyaya. Vile vipande vya leso alivikata kwa koleo. Safari hii hakuwa na adabu. Nairobi walitaka kila kitu kiwe cha nambari.

Siku ya thelathini karatasi ilitoka, na ikasema lile lililojulikana. Simu za Mwamba Mweupe zingepokewa na mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Seva ingetunzwa kutoka mbali na watu ambao hawajawahi kuiona, wala kuiona hoteli, wala kujua jiko liko upande gani wa bwawa. Waliita hayo maendeleo, na pwani yote ikafuata, mpaka leo mtu akipiga hoteli iliyo hatua mia kutoka kwake huitikiwa na sauti isiyomjua, wala hakuna anayeona aibu kwa hilo.

Mwisho wa mwezi Musyoki alirudi kuchukua kisanduku chake cha vifaa. Aliwakuta kwenye benchi la saruji karibu na lango la wafanyakazi, mikoba mapajani, wakingojea barua zao. Jumwa alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na vile vipande vya leso. Aliviokota pipani.

"Nitashona mto," alisema. "Nilalie hoteli nzima."

Kahaso alisogea akampa Musyoki nafasi upande wa sikio lake zima. Walikaa. Mlinzi alipita akasabahi.

"Baba Kavenya," akasema Kahaso, akimwita Musyoki kwa jina la mwanawe, "nakuuliza kwa wema. Yule kijana alipokuuliza, mbona hukumwambia?"

Mkono wa Jumwa ulisimama ndani ya mfuko.

"Nilisahau," akasema Musyoki.

"Kwa sababu nimewaza. Nimesema huenda ni mimi."

"Wewe wahusika nini? Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Kahaso aliitika kwa kichwa, polepole, na haikujulikana kama ameamini. Barua zikaletwa. Kila mmoja alisoma yake na kuikunja. Ndipo upande wa Chale pakanguruma, mbali bado, mngurumo wa kwanza.

Wote watatu waliinuka kwa pamoja. Jumwa alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi, mkono wa Kahaso ulikuwa umeshapanda kichwani kuvua kitu kisichokuwapo, na Musyoki alikuwa amepiga hatua mbili kuelekea jengo. Wakasimama hapo juani, wakitazamana, kama watu walioamshwa na mtu aliyekwisha kuondoka.

Hivyo ndivyo alivyowaona mara ya mwisho.